Bibi wa Mlangoni

Kutoka kwetu Shinyanga mpaka Nkowe nilitumia siku nne, na moja kati ya hizo niliipoteza kwa usingizi. Godoro langu lilikuwa juu ya basi na barua ya kupangiwa kazi ilikuwa ndani ya soksi, maana baba aliniambia kwamba huko mijini watu huiba kila kitu isipokuwa soksi iliyovaliwa siku tatu. Nilitakiwa kushuka njia panda ya Nanganga nishike gari la Ruangwa. Nikapitiwa. Nilipozinduka, kondakta alikuwa anagonga bati la basi.

"Nachingwea, mwisho wa gari! Na wewe wa godoro, unashuka au tukuletee chai?"

Kesho yake nikapanda pikipiki, godoro limefungwa nyuma yangu kama mgongo wa pili. Mikorosho kulia, mikorosho kushoto, vumbi katikati.

"Ticha, unakwenda kufundisha la ngapi?" dereva aliuliza kwa kelele ili aushinde upepo.

"La saba!"

"Somo gani?"

"Hesabu!"

Barua haikutaja la saba wala hesabu. Nilisema hivyo ili anione mtu wa maana, na kweli, mashimo yaliyobaki aliyapita kwa adabu.

Vijana wangu, hasa ninyi wa kiume mnaotoka vyuoni mkapangiwa darasa la awali mkanuna kama mmefungwa, ninawaandikia ninyi. Nimefundisha watoto wadogo miaka kumi na sita, pande za Nkowe, kidogo Mnero kule Nachingwea, kisha Nkowe tena, kwa sababu mimi nimezaliwa na nyayo zinazowasha, situlii mahali pamoja. Sasa nina miaka arobaini na saba na nimeacha. Wenzangu wanastaafu kwa umri. Mimi nimestaafu kwa magoti, na mkifika mwisho mtajua magoti yanahusikaje.

Nianze na aibu. Mwalimu mkuu aliniona mrefu, mwanaume, nina sauti ya kuita ng'ombe, akasema bila kufungua faili langu, "Wewe utachukua hesabu la saba. Watoto wakubwa wanahitaji mwanaume." Ule uongo wa kwenye pikipiki ulikuwa umefika kabla yangu ukanisubiri kwenye kiti.

Siku ya tatu nilikuwa ubaoni najumlisha theluthi mbili na robo tatu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Darasa lilikuwa kimya, kile kimya cha huruma ambacho mwalimu asiombe kukisikia. Ndipo sauti ya kike ikaingia dirishani:

"Tafuta kwanza kigawe kidogo cha shirika. Ni kumi na mbili."

Alikuwa Mwalimu Zuhura wa darasa la awali. Mkono wa kulia ameshika mtoto, wa kushoto mtoto, na wa tatu ananing'inia kwenye gauni lake. Wakati wa mapumziko akanifuata.

"Kaka, nani alikufundisha hesabu?"

"Walijaribu wengi."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi hesabu ndiyo somo langu. Nilipofika hapa mwalimu mkuu akaniangalia, akasema mwanamke ana moyo wa mama, nenda awali. Mwaka wa sita huu. Watoto nawapenda, lakini moyo wangu mimi ni wa hesabu. Nikifika nyumbani natatua maswali ya la saba kama mtu anayekula kwa kujificha."

Tukaenda wote wawili kuomba tubadilishane. Kwa hiyo msije mkasikia mahali kwamba nilikwenda awali kwa wito. Nilikwenda kwa kuzikimbia sehemu. Mwalimu mkuu aliguna sana, akasema sawa, mpaka wazazi walalamike.

Wazazi walilalamika kesho yake.

Aliyekuja mbele alikuwa Baba Shabani, mkulima wa ufuta na korosho, mtu mwenye sauti isiyohitaji kipaza. "Mwanaume mzima unakaa na watoto wa kufutwa makamasi? Huyu amekimbia nini huko kwao?" Gulioni walishapata majibu matatu: mimi mvivu, au nimerogwa, au nimefukuzwa na mke. Hayo niliyacheka. Lakini kulikuwa na akina mama waliouliza kwa sauti ya chini mwanaume mgeni anataka nini kwa mabinti wadogo. Hilo sikulicheka, na ninyi msije mkalicheka. Mama ana haki ya kuuliza, na jibu lake si maneno. Jibu lake ni mlango ulio wazi.

Basi kamati ya shule ikaamua hivi. Mlango wa darasa usifungwe kamwe, na mlangoni akae Bibi Somoe, mama yake Baba Shabani. Wasichana wakitaka kwenda chooni, waende naye. Atanichunguza mpaka kikao cha wazazi cha mwisho wa mwaka, kisha atasema neno lake mbele ya watu wote. Akisema ndiyo, nabaki. Akisema hapana, mimi na Zuhura kila mtu anarudi alikotoka.

"Kaka," Zuhura akaniambia, "ukiharibu, wewe unarudi kwenye sehemu na mimi narudi kwenye makamasi. Tafadhali usiniharibie."

Asubuhi ya kwanza Bibi Somoe alifika na mkeka wake, akaketi kizingitini, akatoa ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, akaanza kusuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Endelea na kazi yako. Mimi sipo."

Hakuwahi kutokuwepo hata dakika moja. "Mimi sipo, lakini yule wa nyuma anakula chaki." "Mimi sipo, lakini mume wangu amevaa kaptula mbele nyuma." Mume wake alikuwa ni Shabani, mjukuu, mwenye miaka mitano na pua isiyokauka mwaka mzima.

Niliingia nikasimama katikati, nikavuta pumzi, nikasema habari za asubuhi watoto. Nusu ya darasa ililia. Mmoja alilowanisha jamvi. Zuhura akaja mbio kutoka la saba, chaki mkononi.

"Unasalimia watoto au unarudisha ng'ombe zizini?"

Akanifundisha jambo ambalo chuoni hawakunipa. Mtoto anayelia usimzidi sauti. Mpunguzie. Nong'ona, kama una siri. Watoto thelathini wakiona mtu mkubwa ananong'ona, hunyamaza wenyewe ili wasipitwe na siri. Nilijaribu nikiwa sina imani hata kidogo, na nikaona maajabu: kilio kimoja baada ya kingine kikazimika kama vibatari. Tatizo ni kwamba baada ya hapo lazima uwe na siri kweli. Mimi niliwaambia uji wa leo una sukari. Haukuwa nayo. Bibi Somoe alinitazama siku hiyo mpaka nikaenda kununua.

Jambo la pili nilifundishwa na Bibi mwenyewe. "Msukuma, kaa chini. Watoto wanaona matundu ya pua yako tu." Nikapiga goti. Ndugu zangu, kuanzia siku ile sikuinuka miaka kumi na sita. Mwalimu wa awali anayefundisha akiwa wima anafundisha ukuta.

Jambo la tatu ni pua. Bibi alichana khanga kuukuu vipande vipande, kila mtoto akabandikwa chake kifuani kwa pini. Watoto wote walielewa isipokuwa Shabani. Yeye alikuwa anakuja mbele yangu kimya, anainua kidevu, anasubiri. Kipande chake kipo kifuani, mikono yake yote miwili mizima. Mtu ananiletea pua kama mtu anayeleta barua ya kusainiwa. Nikawa natembea na kitambaa mfukoni kwa ajili yake.

Sasa nisikilizeni kosa langu kubwa, kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa kwetu tu. Kwetu mtoto anajua kuhesabu ng'ombe kabla ya vidole vyake. Kwa hiyo nikatunga wimbo wa kuhesabu, na nikajisifu nao:

*Ng'ombe mmoja anakuja, karibu shambani!*
*Ng'ombe wawili wanakuja, karibuni shambani!*

Tukafika kumi, watoto wanarukaruka, na wale wa familia za wafugaji waliohamia karibuni, ambao walikuwa wananyamaza tangu Januari, ndio walioimba kuliko wote. Bibi Somoe tu ndiye aliyeacha kusuka. Ningepaswa kujiuliza kwa nini.

Wiki ileile ng'ombe walikuwa wameingia kwenye ufuta wa Baba Shabani. Alikuwa ameshinda anawafukuza, amerudi, amenawa, ameketi kwenye ugali, na mwanawe wa kiume akasimama mbele yake akamwimbia. Nasikia alivumilia mpaka ng'ombe wa saba.

"Mwalimu!" alifika shuleni na fimbo ya kufukuzia mifugo bado iko mkononi. "Mwanangu anawaalika! Mimi nawatoa, yeye anawakaribisha!"

"Baba Shabani, kwetu ni wimbo wa baraka."

"Kwenu mnalima ufuta?"

"Hapana."

"Basi!"

Nikabadilisha wimbo papo hapo: toka shambani. Kulwa, mtoto wa wafugaji, akaangua kilio kwa sababu ng'ombe wa baba yake wanafukuzwa. Nikasimama katikati, mkulima huku, mtoto wa mfugaji huku, na mimi mwenyewe sijui ng'ombe nimpeleke wapi. Bibi Somoe akazungumza bila kuinua uso kwenye ukili.

"Mimi sipo. Lakini ng'ombe si wana zizi? Waende zizini. Zizini hakuna anayegombana nao."

Karibu zizini. Wimbo unaimbwa hivyo mpaka leo, na Baba Shabani aliondoka akinung'unika kwamba hata hivyo kumi ni wengi.

Nikaapa kuachana na viumbe wanaotembea. Msimu wa korosho ulipofika, nikasema hiki ndicho kitu cha kuhesabia. Kipo bure chini ya kila mti na hakiingii shambani kwa mtu. Tukaokota, tukapanga mafungu, mambo yakaenda vizuri mno. Vizuri mpaka nikapata wazo la kuongeza somo la mazingira.

"Leo," nikanong'ona, "tutajua korosho ina nini ndani." Nikachukua moja mbichi, na ganda lake, nikaipeleka mdomoni.

Watoto wakapiga kelele wote pamoja. Mimi nikainua kidole. "Kimya. Tulikubaliana nini? Mwenye neno anyooshe mkono kwanza."

Wakanyoosha mikono yote, vizuri kabisa, kimya, kama nilivyowafundisha. Nikafurahi. Nikaing'ata korosho. Kisha nikamwita Shabani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "ile inaunguza."

Ninyi mliozaliwa chini ya mikorosho mmeshacheka. Wengine niwaambie: ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua ngozi kama moto, ndiyo maana hukaangwa kwanza. Kabla ya uji, midomo yangu ilikuwa imevimba kama maandazi mawili. Siku hiyo tulikuwa tunajifunza ma, ba, pa. Jaribu kusema *pa* na midomo ya namna hiyo. Nilitoa kitu kama kofi la mvua.

Bibi Somoe akaweka ukili chini. Akainuka, akanipokonya kijiti cha kuonyeshea ubaoni, akanionyesha kwa kidole pale kizingitini. Nikaenda nikaketi kwenye mkeka wake. Yeye hakuwahi kusoma hata darasa moja. Lakini alitandaza ukili wake mbele ya watoto, akawaonyesha jinsi mstari mweusi unavyopita juu ya miwili na chini ya mmoja, juu ya miwili na chini ya mmoja, wakahesabu naye mpaka mwisho wa ukili, na ukili ule ulikuwa mrefu kuliko darasa. Zuhura alipita dirishani akasimama.

"Kaka, leo mlinzi ni nani?"

Nilikuwa nimeshika ncha ya ukili wa watu, sijui pa kuanzia.

Kikao cha wazazi kikafika. Nilivaa shati langu jeupe, nimelipiga pasi mara mbili. Zuhura alikaa mstari wa nyuma, mikono ameifumbata, mdomo unacheza kama anaomba dua. Mwaka ule vijana wake wa la saba walikuwa wameanza kupenda hesabu, na yeye alikuwa amenenepa kwa furaha. Vyote hivyo vilikuwa mdomoni mwa Bibi Somoe.

Baba Shabani akasimama kwanza. "Mwalimu hatumchukii. Lakini mtoto wa kiume anatakiwa amwone mwanaume akifanya kazi za kiume. Huyu wangu juzi nimemkuta anamfuta mbuzi pua." Watu wakacheka. "Mnacheka! Mbuzi mwenyewe alitulia, ameshazoea!"

Mwenyekiti akamwomba Bibi Somoe aseme alichokiona. Bibi akainuka polepole.

"Huyu Msukuma," akaanza, "anaimba kama mbuzi anayenyongwa. Uji wake una madonge. Korosho anakula na ganda. Sukari aliwaahidi watoto wakati hakuna, mpaka nimtazame. Wasichana nimewapeleka mwenyewe, mlango haujafungwa hata siku ya mvua, tukalowa wote. Hayo ndiyo niliyoyaona. Sasa mnaniuliza kama mwanaume anafaa kukaa na..."

Hakumaliza. Shabani alikuwa ametoka kucheza, anakuja katikati ya kikao, pua inang'aa. Baba yake akanyoosha mkono. Akampita. Mama yake alikuwa amebeba mdogo wake mapajani, akashika pindo la khanga tayari. Akampita. Akampita mwenyekiti, akampita na bibi yake mwenyewe. Akaja akasimama mbele yangu, akainua kidevu, akasubiri.

Nikaingiza mkono mfukoni. Kitambaa nilikiacha kwenye suruali ya kazi.

Watu wote wananitazama. Nikachomoa pindo la shati jeupe, nikapiga goti, nikamfuta. Akashusha kidevu, akarudi kucheza.

"Mimi nilikuwa na maneno mengi," Bibi Somoe akasema, akiketi. "Lakini pua imeshapiga kura."

Baba Shabani alicheka mpaka akashika bega la jirani yake. Alipopata pumzi akanyoosha kidole kwangu. "Sawa. Ila mbuzi wangu wasifutwe."

"Hawatafutwa."

Nilipogeuka nyuma, Zuhura alikuwa ameshatoka. Nilimkuta darasani kwake, anaandika ubaoni, peke yake, siku ya kikao.

Baada ya hapo nikawa mtu wa ajabu. Wageni wa ofisi fulani walikuja mara mbili kunipiga picha nimepiga goti na kitambaa mkononi, mwanaume anafuta pua, hebu geukia huku kidogo, Mwalimu. Nikavimba kichwa. Zuhura akanipasua. "Mimi nimefuta pua hizohizo miaka sita. Hakuna aliyenipiga picha hata moja. Na leo nafundisha hesabu, wanauliza kama mume wangu ananisaidia kusahihisha." Vijana, mkisifiwa kwa kazi hii, kumbukeni maneno ya yule mama. Sifa nyingine mnapewa kwa sababu ya ndevu.

Watu huniuliza wito niliupata wapi. Wanadhani wanawake huzaliwa nao na mimi nilidondoshewa kwa bahati. Zuhura hakuzaliwa nao, mimi sikuzaliwa nao. Wito ni kama sugu la kiganja. Linakuja kwa kushika mpini, na halijui kama mshikaji amevaa suruali au khanga.

Magoti yakaanza kulia kwa sauti mwaka wa kumi na nne. Watoto walikuwa wanahesabu milio yake nikiinuka. Huku mama yangu akizeeka, na nyayo zikiwasha kama zamani, nikaandika barua ya kuacha kazi.

Siku ya kuondoka alikuwa ameshafika aliyekuja kunipokea kazi, kijana wa Kigoma, mrefu, viatu vinang'aa, amenuna. Alisimama katikati ya darasa, wima kabisa. Bibi Somoe, ambaye sasa macho yake yanaona kwa shida, aliletwa na kuketishwa kizingitini na mjukuu wake. Mjukuu huyo ndiye Shabani, na pikipiki ya kunipeleka Nanganga ilikuwa yake.

"Ticha, godoro tena?" akauliza akilifunga kamba.

"Lilelile."

"Bibi," nikainama, "huyu naye utamlinda?"

"Anasimama kama mnazi," akasema. "Tutaona."

Nilitarajia watoto walie. Walikuwa wanapanga vizibo. Nikasimama ndani kidogo ya mlango, naondoka siondoki, na ndipo Mwajuma, mdogo kuliko wote mwaka ule, akainuka na pua yake akaja upande wa mlangoni. Nikatoa kitambaa. Nikaanza kukunja magoti.

Akanipita.

Alizunguka akamwendea kijana yule mgeni, akasimama mbele ya viatu vyake, akainua kidevu, akasubiri. Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama mikorosho. Akamtazama Bibi Somoe.

"Mimi sipo," Bibi akasema.

Kijana akapandisha suruali yake magotini isichafuke, akachutama, akatoa kitambaa cheupe ambacho hakijawahi kutumika.

"Twende, Ticha," Shabani akasema. "Basi halitusubiri."

Safari ile sikulala hata kidogo. Tulipofika Nanganga, Shabani akashusha godoro, akanyoosha mkono tuagane, na mimi nikashindwa kumpa wangu, kwa sababu kitambaa kilikuwa bado kimo ndani yake, nimekishika.